Ndoa za Mabaharia katika Pwani ya Kusini

Mtu akaaye chomboni hana ua wa kufagia wala mlango wa kubishiwa hodi. Kitanda chake ni ubao, paa lake ni tanga, na jirani yake ni mawimbi. Leo yuko hapa, kesho yuko kule, na keshokutwa huenda asiwepo popote. Hata hivyo moyo wake ni sawa na moyo wa mtu wa nchi kavu. Hupenda kama wengine, hutamani mke kama wengine, na hutaka watoto watakaolitaja jina lake atakapokuwa amekwisha ondoka duniani. Basi mtu asiye na kikao atampataje mke? Na mwanamke atajengaje nyumba pamoja na mume ambaye nyumba yake huelea? Hili ni swali la kale sana katika pwani yetu. Historia aghalabu hutueleza habari za masultani, vita na biashara, ikalipita swali hili kana kwamba ni dogo. Lakini yeye atakaye kujua miji ya Waswahili ilitokana na nini, hapana budi alitafutie jibu.

Tuitazame kwanza nchi yenyewe. Kusini ya Mombasa, katika Kaunti ya Kwale, pwani hushuka kupitia Tiwi na Diani, ikafika Gazi na Msambweni, ikapita kisiwa cha Funzi, ikafika Shimoni na kisiwa cha Wasini, kisha ikaishia Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania. Mbele yake umesimama mwamba wa matumbawe unaovunja nguvu za mawimbi. Nyuma ya mwamba kuna maji matulivu, na katika hori za Gazi na Vanga kuna misitu ya mikoko itoayo boriti. Mahali pa namna hii ni pema kwa vyombo. Mashua, ngalawa, madau na majahazi yalikuwa kwa watu wa huko kama njia na magari yalivyo kwa watu wa bara.

Lakini njia ya bahari ilikuwa na bwana wake, naye ni upepo. Tangu Desemba hivi hata Machi huvuma kaskazi, na vyombo vya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi vilishuka nayo vikileta tende, chumvi, papa mkavu na mazulia. Kuanzia Aprili huvuma kusi, na vyombo vile vile vilirudi makwao na boriti na mali nyingine za Afrika. Kusi ikipata nguvu zake zote, mwezi wa Juni na Julai, watu walisema bahari imefungwa. Hivyo baharia wa masafa marefu hakuweza kufika siku aipendayo, wala kuondoka siku aipendayo. Akifika Januari, ilimlazimu kungoja upepo ugeuke. Na mtu angojaye wiki nyingi katika mji wa watu, anakula chakula chao, anasali katika msikiti wao na anajifunza lugha yao, si ajabu akitafuta mchumba.

Jambo hili si la pwani yetu peke yake. Katika nchi ya Uingereza, karne ya 19, kulikuwa na watu waliobeba makaa ya mawe na bidhaa nyingine kwa mashua nyembamba zilizokokotwa na farasi katika mifereji iliyochimbwa na binadamu. Reli ilipoanza kuwanyang'anya kazi, ujira wao ulipungua, na wengi hawakuweza tena kulipa kodi ya nyumba. Wakawachukua wake zao na watoto wao, wakawaingiza katika chumba kidogo cha nyuma ya mashua kisichozidi futi 7 kwa upana. Humo walipika, walilala, walizaa na kuuguza. Mwaka 1877, kwa juhudi za mtu mmoja aitwaye George Smith wa Coalville, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuandikisha mashua zilizokaliwa na watu, kuweka kiasi cha watu wanaoruhusiwa kulala ndani, na kuwafikiria watoto ambao hawakuweza kusoma kwa kuwa shule haikuwahi kusimama mahali pamoja nao.

Mfereji ni maji ya kulala, na kila jioni mashua ingeweza kufungwa ukingoni. Bahari Hindi si hivyo. Jahazi halikuwa na vyumba vya kutosha. Mabaharia walilala juu ya sitaha au juu ya shehena, kila mtu mbele ya macho ya mwenziwe, na stara aliyotakiwa mke kuipata haikuwapo. Wanawake walisafiri, ndiyo, lakini kama abiria, na kwa kujitenga. Kwa hiyo Waingereza wa mifereji walijibu swali letu kwa kumwingiza mke chomboni. Watu wa pwani yetu walijibu kwa kumwacha mke nchi kavu, wakamfanya yeye kuwa bandari.

Jibu hili ni la kale. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja aliyejua Kiyunani aliandika kitabu cha safari kiitwacho Periplus. Alipofika katika habari za pwani ya Afrika ya Mashariki alieleza kwamba manahodha na mawakala wa Kiarabu waliokuja huku waliizoea nchi, walioa kwa wenyeji, na waliifahamu lugha yao. Tazama jinsi mambo matatu yanavyofuatana: biashara, ndoa, lugha. Yapata miaka 1,300 baadaye alipita Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, aliyezuru Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Baadaye alikaa katika visiwa vya Maldives, akaandika kwamba huko mahari yalikuwa madogo. Mabaharia waliposhuka walioa, na walipotaka kutweka tanga waliwaacha wake zao. Tena akaongeza kwamba wanawake wa visiwa vile hawakutoka katika nchi yao. Wanaume walipita kama maji. Wanawake walikaa kama mwamba.

Katika pwani yetu ndoa ya baharia haikuwa jambo la kukutana njiani na kupatana. Mgeni alikuwa na mwenyeji wake, mtu wa mjini aliyemkaribisha, aliyemwekea mali yake na kumdhamini mbele ya wengine. Mwenyeji huyo ndiye aliyepeleka posa, naye ndiye aliyeulizwa: Je, mtu huyu ni wa ukoo gani? Ana mke kwao? Hulipa madeni yake? Msimu uliopita alirudi kama alivyoahidi? Swali la mwisho lilikuwa zito kuliko yote, maana baharia hupimwa kwa marejeo yake. Wahenga walisema: Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Wazazi wa binti walitaka kujua kama kweli huyu bwana ngama yake ni kwao, au ni mtu wa tezi na omo tu.

Sheria ya Kiislamu, ambayo ndiyo iliyofuatwa na watu wa miji ya pwani, iliwawekea masharti. Ndoa ilihitaji walii wa bibi arusi, mashahidi wawili, na mahari ambayo ni haki ya mke mwenyewe. Kwa madhehebu ya Kishafii, yafuatwayo na wengi wa pwani, ndoa haiwezi kufungwa kwa muda uliotajwa, ati mpaka kusi ivume. Baharia aliyeoa, ameoa. Akitaka kuondoka bila mke, alikuwa na njia mbili: kumwachia matumizi na kumrudia, au kumpa talaka; na baada ya talaka mke alikaa edda, ili ikiwa ana mimba ijulikane ni ya nani. Hukumu hizi zilikuwa ukuta uliomlinda mwanamke dhidi ya mtu ambaye kesho angekuwa nyuma ya upeo wa macho.

Hata hivyo ukuta mzuri nao hupata ufa. Sheria iliweza kumlazimisha baharia kutaja mahari, lakini haikuweza kuulazimisha upepo kumrudisha. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na mume wa mbali hafukuzi njaa. Alan Villiers, Mwaustralia aliyepanda chombo cha Kuwait mjini Aden mwezi wa Desemba 1938, chini ya nahodha Ali bin Nasir al-Najdi, akashuka nacho hata Lamu, Mombasa, Unguja na Rufiji, aliandika kwamba mabaharia waliishi kwa deni. Walipewa fedha mbele ili kuziachia jamaa zao, na faida ya safari ilipogawanywa mwishoni, mara nyingi ilimezwa na deni lile lile. Mtu wa namna hii, hata akiwa na moyo safi, aliwezaje kulisha nyumba mbili, moja Ghuba na moja Afrika? Mke wa pwani aliyengoja msimu mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu bila barua wala salamu, hakuwa mjane wala hakuwa mke. Kwake yeye palikuwa na mlango mmoja uliobaki wazi, nao ni wa kadhi. Aliweza kwenda kudai ndoa yake ivunjwe kwa kukosa matumizi. Mahakama za kadhi ziliendelea katika siku za ukoloni na baada ya uhuru wa mwaka 1963, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inazitambua katika ibara ya 170. Kila afikiriapo mahakama hizo, mwanafunzi na akumbuke pia wanawake ambao waume zao walichukuliwa na bahari.

Haitakuwa haki kuzisifu ndoa hizi na kunyamaza juu ya aibu iliyokwenda sambamba nazo. Si kila mwanamke aliyeingia katika nyumba ya mtu wa chombo aliposwa. Katika siku za utumwa matajiri na manahodha waliweka masuria, yaani wanawake watumwa ambao hawakuulizwa kama wanapenda au hawapendi. Sheria ilisema kwamba mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake ni mwungwana, na mama yake huwa huru bwana afapo; lakini uhuru ungojeao kifo cha mtu mwingine ni uhuru wa taabu. Tena, upepo ule ule ulioleta wachumba ulileta wezi. Katika karne ya 19 watu wa Unguja waliwachunga sana watoto wao katika majira ya kaskazi, kwa sababu baadhi ya wageni wa vyombo waliiba watoto na kuwauza mbali. Huko Shimoni wenyeji wa leo huwaonyesha wageni pango ambalo, kwa masimulizi yao, watumwa walifungiwa kabla ya kupakiwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini katika pwani ya Kenya hali ya utumwa haikufutwa na sheria mpaka mwaka 1907.

Sasa tuwatazame watoto. Baba akiisha kuondoka, mtoto alikuwa wa nani? Katika nchi ya Kwale swali hili lilikuwa na jibu la namna ya peke yake. Wadigo, ambao ndio wengi katika Diani na Msambweni, kwa mila yao ya zamani walimhesabu mtoto katika fuko la mama yake, na mali ilitoka kwa mjomba ikaenda kwa mpwa. Uislamu ulipoenea kwao, hasa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, mila hii iligongana na sheria ya mirathi impayo mtoto fungu katika mali ya baba, na mabishano hayo yaliwashughulisha wazee na makadhi kwa miaka mingi. Mtu aweza kuona katika mabishano hayo ugomvi wa mali tu. Lakini na aitazame mila ile kwa jicho la mtoto ambaye baba yake amekwenda na kusi asirudi. Mtoto huyo hakuwa ombaomba. Alikuwa na mjomba, alikuwa na shamba la kulima na minazi ya kukwea, na alikuwa na jina katika fuko. Ukoo wa mama ulikuwa nanga ambayo haikung'olewa na upepo wowote.

Na ndoa nyingine za wageni zilizaa zaidi ya watoto, zilizaa tawala. Karibu na Vanga palikuwa na mji wa Vumba Kuu, ulioongozwa na madiwani. Hollis, aliyeziandika habari za Vumba mwaka 1900, alipokea masimulizi kwamba masharifu wa ukoo wa Ba Alawi, wenye asili ya Hadhramaut, walioa katika jamaa ya watawala wa hapo, na hatimaye wazao wao wenyewe wakashika udiwani. Walikuja kwa chombo kama wageni wengine. Waliingia katika enzi kwa mlango wa nyumba ya mke.

Kwa muda mrefu wataalamu walishindana juu ya mambo haya. Wengine walisema miji ya Waswahili ilijengwa na wageni, na wengine walisema wageni ni hadithi tu za watu wapendao ukubwa. Mwaka 2023 ulitolewa uchunguzi wa mifupa ya watu 80 waliozikwa zamani katika miji ya pwani na sehemu za jirani, pamoja na Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Wachunguzi walisoma asili ya watu hao katika chembe za miili yao. Waliona kwamba tangu mnamo mwaka 1000 watu wa Afrika na watu wa Asia walichanganyika. Kwamba katika sehemu kubwa asili ya Asia ilipita kwa wanaume, wengi wao wenye asili ya Uajemi. Na kwamba asili ya upande wa mama karibu yote ni ya Afrika. Basi kila upande ulikuwa na nusu ya ukweli. Chombo kilikuja kweli, lakini nyumba kilichoikuta ilikuwa imekwisha jengwa, na mwenye nyumba alikuwa mwanamke wa Kiafrika.

Ushahidi mwingine hauhitaji kuchimbua kaburi. Umo vinywani mwetu. Tunaposema nahodha, serahangi, bandari na nanga, tunatumia maneno yaliyotoka Uajemi. Tunaposema bahari na sukani, tunatumia maneno ya Kiarabu. Lakini tunaposema mama, mwana, nyumba, mlango, moto na maji, tunasema Kibantu kitupu. Hata katika arusi yenyewe maneno yamegawana kazi: kuposa, kuoa, ndoa, mume na mke ni ya kwetu, mahari, talaka na edda yalikuja na sheria. Baba alileta maneno ya chombo na maneno ya kitabu, kisha akaondoka na upepo. Mama akabaki na mtoto jikoni, na lugha aliyomsemesha mtoto huyo ndiyo iliyokua ikawa Kiswahili. Kama baba ndiye angalibaki nyumbani na mama ndiye angalisafiri, yamkini leo tungekuwa tunasema lugha nyingine.

Misafara mikubwa ya kaskazi imekwisha. Kuwait ilianza kuuza mafuta nje mwaka 1946, na vijana wake wakapata kazi bora kuliko kuvuta kamba za foromali. Mapinduzi ya Unguja ya Januari 1964, pamoja na meli za moshi na injini, yalipunguza zaidi vyombo vya tanga vilivyozoea kushuka. Lakini swali la mume wa chomboni halikwisha pamoja navyo. Kwa miongo mingi wavuvi wa Pemba wamevuka kuja Vanga, Shimoni na Msambweni, wakipiga kambi za msimu ziitwazo dago. Wengi walirudi kwao. Wengine walioa, wakazaa, wakazeeka. Watoto wao walizaliwa Kenya, wakacheza Kenya, wakavua Kenya, lakini kwa miaka mingi wengi wao hawakupewa kitambulisho, na asiye na kitambulisho ni taabu kwake kupata leseni ya uvuvi, kufungua akaunti ya benki au kuendelea na masomo. Mwaka 2023 ndipo Serikali ya Kenya ilipowatambua Wapemba kuwa mojawapo ya jamii za nchi hii. Kwa maneno mengine, swali waliloulizwa wenyeji wa zamani, mtoto wa mtu wa chombo ni wa nani, Serikali ya kisasa ilichukua miaka 60 tangu uhuru kulijibu.

Vijana msomao insha hii, wengi wenu mnaona fahari kumtaja babu aliyekuja kwa jahazi. Mtajeni, kwa kuwa alivuka hatari kubwa, na ushujaa wake ni wa kweli. Lakini mkiisha kumtaja yeye, ulizeni na jina la bibi aliyemfungulia mlango. Jina lake huenda halikuandikwa katika kitabu chochote wala kuchongwa juu ya kaburi la matumbawe. Ni yeye aliyengoja misimu, aliyekwenda kwa kadhi ilipombidi, aliyelea watoto kwa mkono mmoja, na aliyewafundisha kusema. Andikeni habari zake kwa wazee wanaozijua, wakati wazee hao wangali hai. Maana chombo kikiondoka huweza kurudi msimu mwingine, lakini mzee akiondoka na habari zake, hakuna upepo uwezao kumrudisha.